Ubavu wa Bunduki Uliogeukia Ukuta

Nimestaafu baada ya Idi, na wenzangu vijana wa ofisini wakanipa saa ya ukutani. Nikaigeuza nyuma, nikafungua kifuniko, nikaona betri moja mahali pa mbili. Nikawaambia. Wakacheka hadi wakakohoa. "Ami Nassor, hata zawadi?" Hata zawadi, wanangu. Mtu aliyekagua bunduki za watu miaka thelathini na mitano hapokei kitu bila kukigeuza.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Vyeo sitaviandika, nani alipandishwa na nani alirukwa mtaulizana wenyewe, mnayajua kuliko mimi. Nitaandika namna ya kushuku, maana ndicho chombo chetu cha kwanza na hakuna duka kinakouzwa. Na nitaandika habari ya karatasi moja niliyoiandika mara mbili katika mwaka wangu wa mwisho. Mara ya kwanza niliiandika kwa uongo. Baadhi yenu mmesikia minong'ono, basi sikieni kwa mwenyewe.

Nilipoanza, ofisi yetu ya leseni ilikuwa vyumba viwili na feni moja. Kazi ilikuwa ileile mnayoifanya leo. Mwenye silaha anakuja nayo, unaikagua, unaandika nambari yake, unaamua imo kundi gani: ya kuwindia, ya upepo, bastola, ya kale. Nyengine zinataka leseni tu, nyengine zinataka rukhsa maalumu, nyengine unamwambia mtu akuachie hapohapo na aende zake nyumbani. Hili la mwisho ndilo linalokupa maadui.

Aliyenifundisha ni Maalim Khalfan, Allah amrehemu. Watu wake walikuwa wa Tabora, akisema Kiswahili cha bara kilichonyooka, na mimi wa Malindi, Unguja, tumerudi Oman mimi mdogo. Alikuwa akinitania, "Nyie wa Unguja maneno mnayapaka nazi kwanza." Nami nikimjibu kwamba nyie wa bara mnayala mabichi. Tulipendana kwa namna hiyo.

Siku ya kwanza aliweka mezani bunduki ya kuwindia juu ya kitambaa cheupe, akanipa karatasi. "Andika unachokiona." Akaenda kunywa chai. Nikaandika ukurasa mzima, mti wa kitako, mikwaruzo, nambari, kutu kidogo mdomoni. Nikajiona nimefanya kazi ya haja. Akarudi, akasoma, akauliza, "Na ubavu uliolalia meza?"

Sikuwa nimeigeuza. Akaigeuza yeye. Upande wa chini palikuwa na nambari nyengine, imesuguliwa kwa tupa mpaka imebaki kivuli.

"Aliyeileta aliilaza hapa kwa mkono wake mwenyewe," akasema. "Mtu hulaza kitu juu ya ubavu anaotaka kuuficha. Kuona kila mtu anaona. Mimi nataka ugeuze."

Mengine aliyonifundisha ni mawili, na nyote nimewapa. La kwanza ni maswali matatu: imefunguliwa lini mara ya mwisho, na nani, na kabla ya hapo? Mtu mwongo hujitayarisha kwa swali la kwanza na la pili. La tatu ndilo linalomkuta mtupu. Jambo jengine alikuwa akilisema kila akimaliza chai yake: "Mtu akikuomba kitu kidogo kwa maneno mengi, nenda katazame nyumbani kwake."

Vyombo vyangu vilikuwa vichache na sikuvibadilisha. Tochi, kioo cha kukuzia, kichupa cha mafuta ya cherehani, vitambaa vyeupe ambavyo mke wangu Samira alinikatia katika kanzu zangu zilizochakaa, na fimbo ya shaba. Fimbo hii vijana mnaicheka, lakini ndiyo iliyoniweka hai. Unaitia mdomoni mwa gobori mpaka ikomee, unatia alama ya chaki, unaitoa, unailaza juu ya mtutu kwa nje. Ikifika mwisho wa mtutu, ndani hamna kitu. Ikipungua kiganja, basi humo ndani kuna baruti na risasi, hata mwenyewe akikuapia kwa mayatima.

Na wataapa, msiwe na wasiwasi. Alinijia bwana mmoja wa Bawshar, hapahapa Muscat, anataka rukhsa ya kiziba sauti, kile chombo cha kumeza mlio wa bunduki. Nikamuuliza cha nini. Akasema majirani wanalalamika anapowinda. Nikamwambia, "Yakhe, Bawshar baina ya nyumba na maduka, unawinda nini, mabango?" Akanuna. Mwengine alikuwa na ghala Rusayl, anataka bunduki ya upepo isihesabiwe silaha, ati ni ya kufukuzia njiwa. Nikaenda mpaka ghalani. Njiwa walikuwepo, kweli, lakini matundu niliyoyakuta ukutani yalikuwa usawa wa kifua cha mtu. Njiwa gani anaruka chini hivyo? Nikamnyima, na mpaka leo tukikutana msikitini ananipa mkono wa vidole viwili.

Lakini kesi iliyonikaa ni ya Bi Zuweina, mjane, aliyekuja kutoka mji mmoja wa bara ya hapa, majabalini huko. Alileta gobori la utambi la marehemu mumewe, lile ambalo Waomani wanaliita bu-fatila, limefungwa katika shuka. Anataka liandikwe silaha ya kale, pambo la nyumba. Nikatia fimbo. Ikapungua kiganja na vidole viwili.

"Bibi, limo ndani."

"Najua limo," akasema. "Alilishindilia mwenyewe siku ya Idi, akaugua kabla hajalipiga. Huo ndio mkono wake wa mwisho. Kwetu mkono wa mwisho wa maiti hautolewi."

Wallahi nilidhani ananichezea. Nikamshuku, nikamshuku na mwanawe aliyekaa nje garini, nikauliza maswali matatu mara tatu. Kumbe hapakuwa na hila yoyote. Ndiyo ada yao, na nilipouliza kwengine nikakuta si yao peke yao, nyumba nyingi bunduki ya marehemu huachwa vile alivyoiacha, asiifungue mtu. Nikalitoa lile shindilio kwa nguvu ya sheria, bibi amesimama ananitazama. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Na wewe una baba," akachukua gobori lake tupu akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Samira habari za watu wa majabalini na itikadi zao, nikacheka sana.

Sasa niseme la kwetu.

Baba yangu aliporudi kutoka Unguja hakuwa na kitu ila sanduku na sisi watoto. Kiarabu chake kilikuwa cha chuo cha Kurani, na watu mtaani wakimwita Zinjibari, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kumkumbusha. Siku moja akaenda mji wa mababu kujuana na jamaa. Ami yake mkongwe akamtazama, akaingia ndani, akatoka na samaa, ile bunduki ya kale inayofunguliwa kwa kushusha mkono wa chuma chini yake, akampa pamoja na risasi tatu. "Hii ya babu yako. Umerudi." Basi. Baba alirudi Muscat nayo, akaitundika ukutani kwenye majlisi yetu ya Wattaya, na tangu siku ile alikuwa akipokea wageni amekaa chini yake. Hajapata kuwaambia watu sisi ni Waomani. Akiwakaribisha kahawa tu, wakainua macho.

Siku ya harusi yangu aliitungua, akatoka nayo uani, akaipiga hewani. Mara tatu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia kila penye wageni: risasi tatu za ami, baba alizimaliza zote kwa ajili yangu. Na kila nikisimulia, Samira akisema kutoka upande wa pili, "Mbili." Nami nikiwaambia wageni, "Bibi harusi alikuwa amefunikwa uso, atahesabu nini?" Watu wakicheka. Tumegombana juu ya mbili na tatu umri mzima wa ndoa yetu.

Baba alifariki mwaka wa tano wa kazi yangu. Kwa kanuni ya ofisi ile bunduki ilitakiwa iandikishwe kwa jina langu. Nikasema eda ya mama iishe kwanza. Ikaisha. Nikasema mwakani. Kisha nikaona haya: mkaguzi mzima, nitajibu nini nikiulizwa kwa nini imekaa hivyo? Kesho ikazaa kesho. Tulipohama Wattaya kuja Bawshar niliibeba mwenyewe, imefungwa blanketi la baba, watoto wamekaa nyuma garini, nikaitundika ukutani vilevile kama alivyokuwa akiitundika yeye. Sikuifungua. Nimefungua bunduki za mawaziri na za wachunga mbuzi, ya baba sikuifungua. Niliona kuifungua ni kumwambia marehemu sikuamini.

Mnaona sasa mtu gani aliyetumwa, mwaka wake wa mwisho, kwenda kuwauliza wenye silaha wa Muscat swali hili: katika makundi yaliyobanwa, lipi mngependa zaidi lifunguliwe, liondolewe masharti?

Mkuu wa ofisi alitaka mapendekezo yangu kwa maandishi. Nilifuatana na Rahma, mnayemjua, mjukuu wa Waunguja wa Darajani, mwanafunzi wangu wa mwisho na mwenye macho kuliko wote. Tulikodi ukumbi Bawshar, tukatia kahawa na tende na halua, wenye leseni wakaja wakajaa.

Nilikaa mezani nikiwashuku mmoja mmoja, ndivyo nilivyozoea. Alianza mwindaji mmoja mwenye sauti nene, anataka bunduki za marisau, zile zinazotawanya chembe za risasi, zifunguliwe, mtu anunue akitaka. Huyo nilimwandikia pembeni: *ameshanunua*. Vijana wakataka za upepo. Wawili wakataja viziba sauti huku wakitazamana. Bastola hakuna aliyezitaja kwa mdomo, lakini mmoja aliuliza "na zile ndogo?" akakaa chini upesi. Kila kundi lilikuwa na watu wake, na wengine wakilipinga, maana mwenye bunduki haamini mwenye bunduki mwenziwe. Hilo nimeliona miaka yote. Kila mtu anataka yake ifunguliwe na ya jirani ibaki imefungwa.

Ndipo akasimama mzee mmoja wa Wattaya, mwenye duka la vipuri vya magari. "Hayo yote nyie bishaneni," akasema. "Mimi naomba moja. Bunduki za babu zetu. Zile ni pambo. Ziko ukutani hazimdhuru mtu. Kwa nini nizibebe mpaka ofisini, kijana azitie vidole?"

Rahma akauliza, "Nani anaafiki?"

Mikono yote ikapanda. Yule mwindaji, vijana wa upepo, wale wawili, wote. Hakubaki mkono chini. Hapo angekuwepo Maalim angenikanyaga mguu, maana watu wasioaminiana wakikubaliana upesi hivyo, pana jambo. Lakini mimi sikushuku kitu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikaona mlango umefunguka: kundi hili likifunguliwa, ya baba imetoka katika dhambi bila mimi kusimama mbele ya mtu. Nilipotazama mezani, mkono wangu nao ulikuwa umeinuka. Nikaushusha haraka, nikashika kikombe. Rahma alikuwa ananitazama.

Nikaandika. *Kundi la silaha za kale lifunguliwe kabisa, zisiandikishwe wala zisikaguliwe.* Nikaeleza heshima ya mababu, nikaeleza utamaduni, nikaeleza taabu ya wazee katika foleni, nikatia na maneno mazuri ya Kiarabu. Nikampa Rahma aisome kabla sijaipeleka kwa mkuu.

Akasoma. Akairudia tena tangu mwanzo. Kisha akafunga mlango.

"Ami Nassor, usinikasirikie."

"Sema."

"Ripoti zako zote nilizozisoma ni nusu ukurasa. Hii kurasa tatu."

"Jambo lenyewe kubwa."

"Wewe ulinambia ni pambo tu, jambo dogo." Akaziweka karatasi mezani taratibu. "Na ulinifundisha mtu akiomba kitu kidogo kwa maneno mengi, nikatazame nyumbani kwake. Mimi nyumbani kwako siwezi kuja kutazama, ami. Wewe ni mkubwa wangu. Lakini nimeuona mkono wako ukumbini."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na keshanisamehe. Nikachukua funguo za gari nikaenda nyumbani adhuhuri, njia nzima nasema peke yangu: mtoto wa juzi! Nimemfundisha kushika tochi, leo ananimulika mimi!

Samira alikuwa anapakua wali. Nikamwaga yote mbele yake, nikitegemea anitetee.

"Kakosea wapi?" akasema. "Nyani haoni kundule."

"Na wewe?"

"Na mimi, ndiyo. Unamshuku muuza samaki, unamshuku daktari, mwanao akichelewa unanusa shati lake. Hebu nikuulize leo bila ya wageni. Ami yake baba yako alimpa risasi ngapi?"

"Tatu."

"Siku ya harusi alipiga ngapi?"

"Tatu, mara ngapi nikwambie?"

Akaweka upawa chini. "Nassor, mimi nlikuwa dirishani nimefunua uso, na mama yangu ubavuni. Alipiga mbili. Kwa ya pili shangazi yangu alizimia, mama akamtuma mtu mbio akamwambie baba zatosha, bibi harusi atatimka. Baba alikuwa keshatia ya tatu na kuifunga bunduki. Nlimuona kwa macho yangu anaingia nayo ndani, anaitundika, anatoka kuwalaki wageni. Miaka yote hii nnakwambia mbili, nawe unanicheka mbele za watu."

Swali la tatu, lile la "na kabla ya hapo", sikuwa nimelijibu hata siku moja katika nyumba yangu.

Nikaenda majlisi. Wajukuu zangu wawili, wasichana, walikuwa wamelala kifudifudi kwenye godoro chini ya ile bunduki, wanachora. Hapo ndipo mahali pao, pana baridi ya kiyoyozi. Mmoja alikuwa na tabia ya kurusha mto juu mpaka uguse kitako cha bunduki, nasi tukimkemea kwa heshima ya babu, si kwa jengine.

"Tokeni," nikasema. "Nendeni kwa bibi, nje kabisa, mbele."

Samira akaniona uso. Akawachukua.

Samaa ina alama ndogo ya chuma ubavuni, ncha yake kama tone la maji. Ikiwa bunduki imekokiwa tayari, ncha inaelekea nyuma. Kijana wa mwezi mmoja ofisini anaijua. Iko ubavu wa kulia. Na bunduki ya baba, tangu Wattaya, imetundikwa ubavu wa kulia umegeukia ukuta. Nimekaa chini yake nikinywa kahawa miaka thelathini na zaidi.

Niliitungua kwa mikono miwili, mdomo nimeuelekeza juu, nikatoka nayo uwanja wa nyuma ambako mafundi waliacha rundo la mchanga. Nikaelekeza mdomo mchangani. Nikaigeuza.

Ncha ilikuwa inaelekea nyuma.

Lahaula wala quwata. Nilishusha ule mkono wa chuma polepole, kwa kutu ulikuwa mzito, na ikatoka, ikaangukia mchangani. Ya tatu. Shaba imekuwa ya kijani, nene kama kidole gumba. Nikakaa chini palepale na kanzu yangu, jua la adhuhuri kichwani, nikalia kwa sauti. Nililia kwa ajili ya wale wasichana na ule mto. Nililia kwa ile safari ya kuhama, imelala ndani ya blanketi na wanangu wanaimba nyuma ya gari. Na nitasema kweli, nililia kwa sababu nimeufuta mkono wa mwisho wa baba yangu, nikamkumbuka Bi Zuweina alivyosimama, na mimi nilivyocheka.

Samira alikuja akasimama kichwani kwangu. Akaitazama ile risasi. Angeweza kusema "mbili." Akanipa mkono nikainuka.

Siku ileile nilizichana kurasa tatu. Nikaandika nusu ukurasa, na maneno yake nnayakumbuka: *Kundi ambalo wenye silaha wanapenda zaidi lifunguliwe ni la bunduki za kale. Hakuna aliyetaka hivyo kuliko mimi niliyeandika, kwa kuwa nilikuwa nayo nyumbani, haijaandikishwa, na ina risasi. Lisifunguliwe. Wakaguzi wawafuate wazee majumbani mwao, kwa adabu, wasitozwe wala wasiaibishwe kwa kuchelewa. Lakini kila moja ifunguliwe na igeuzwe.* Nikatia saini. Mkuu alinipa barua ya onyo, ya kwanza katika faili langu, tena katika mwezi wangu wa mwisho. Ni barua ya haki. Zile ziara za majumbani mnazozifanya sasa zimetokana na ile nusu ukurasa, nami sitaki shukrani kwazo.

Asubuhi ya pili niliingia ofisini kwa mlango wa wateja. Bunduki ndani ya blanketi, risasi peke yake katika kopo la bati. Nikachukua nambari, nikakaa kwenye viti vya plastiki. Jirani yangu alinitazama blanketi. "Ya babu?" akasema. "Pambo tu hiyo, wanatusumbua bure." Nikamwambia nami nilidhani hivyo.

Ikaitwa nambari yangu. Rahma alikuwa mezani, ametandika kitambaa cheupe. Aliponiona alisimama, kisha akakumbuka kazi, akakaa. Nikailaza bunduki mbele yake. Nikajigundua nimeilaza juu ya ubavu wa kulia. Mazoea, wallahi, mazoea tu.

"Imefunguliwa lini mara ya mwisho?" akauliza, kalamu iko tayari.

"Jana adhuhuri."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Na kabla ya hapo?"

"Na baba yangu, siku ya harusi yangu. Alipiga mbili."

Akaandika. Sauti yake haikuwa na ukali wala huruma, ilikuwa sauti ya ofisi. Nikasukuma kopo mbele yake. "Risasi yenyewe hii. Ndani hamna kitu sasa. Nimetazama kwa tochi mara mbili."

Rahma akalitazama kopo, akanitazama mimi. Macho yalimlengalenga. Kisha akanyoosha mkono, akaigeuza bunduki, akainamia ile alama ya ubavuni kwa kioo changu cha kukuzia, kile nilichomwachia. Akaielekeza mdomo kwenye ndoo ya mchanga, akashusha mkono wa chuma, akatia tochi.

"Samahani, ami," akasema bila kuinua kichwa. "Nnaangalia mwenyewe."

Hakuniamini. Alhamdulillahi, hakuniamini.